Hilux ya dizeli inagoma kuwaka asubuhi Makete: pima hita plagi kabla ya kushusha injini

Swali: "Fundi, shikamoo. Nina Hilux ya dizeli, injini ya aina inayoitwa 5L, gia za mkono. Niliinunua Dar es Salaam mwaka jana mwezi wa tisa nikaileta Makete kubebea viazi. Dar ilikuwa inawaka kwa kugusa tu. Tangu Mei mwaka huu, asubuhi ni vita. Stata inazunguka vizuri lakini gari haliwaki, linatoa moshi mweupe unaochoma macho. Napiga stata mara sita, saba, ndipo linashika, na linatikisika kama linataka kuruka. Baada ya dakika tatu nne linatulia. Likishapata moto, siku nzima linawaka mara moja. Nimebadilisha betri, hakuna tofauti. Fundi wa kwanza kasema ringi za pistoni zimekwisha, nishushe injini. Wa pili kasema dizeli inaganda, nichanganye na mafuta ya taa. Jirani ananiambia niweke jiko la mkaa chini ya sampu (bakuli la oili chini ya injini) kila alfajiri. Oili haipungui sana, moshi wa bluu sijauona. Nimfuate nani?"

Marahaba, mdogo wangu. Umeeleza vizuri kuliko wengi wanaoniletea gari lenyewe, na zaidi ya nusu ya jibu imo ndani ya maelezo yako. Unachoogopa ni kwamba injini imekufa na pesa ya msimu mzima wa viazi itaishia kwenye ringi na pistoni. Kwa ulivyoandika, sioni sababu ya kushusha injini sasa. Naona sababu kubwa ya kupima hita plagi, zile plagi nne za kupasha joto, na nina shaka kwamba nyingine kati ya hizo zilikufa Dar es Salaam kabla hujalinunua gari.

Tuanze na moshi, maana ndio shahidi wako mkuu. Moshi mweupe wa asubuhi unaonuka dizeli na kuchoma macho ni dizeli yenyewe. Imefika kwenye silinda, imepuliziwa na nozeli (kidude kinachonyunyiza mafuta), ikakosa joto la kuiwasha, ikatoka kwenye ekzosi kama ukungu. Hapo ndipo maneno ya fundi wa pili yanapokwama. Ni kweli dizeli ina nta, na ikipoa sana nta hiyo huganda na kuziba filta. Lakini gari ambalo filta imezibwa halimwagi moshi wakati wa kupiga stata. Huzunguka kavu, au huwaka kwa mafuta kidogo yaliyobaki kwenye pampu kisha likazima baada ya muda mfupi. Lako linatoa moshi tangu mzunguko wa kwanza, na likishika linaendelea. Mafuta yanafika, joto ndilo halipo.

Mafuta ya taa yaache kabisa. Pampu ya 5L hulainishwa na dizeli inayopita ndani yake, haina oili nyingine ya kuilinda. Mafuta ya taa ni mepesi na hayalainishi kama dizeli. Ukifanya hivyo msimu mzima utakuwa na gari lenye tatizo lile lile la asubuhi, pamoja na pampu iliyolika.

Sasa kwa nini Dar liliwaka kwa kugusa? Injini ya petroli huwashwa na cheche ya plagi. Ya dizeli haina cheche. Pistoni inapanda, inaikandamiza hewa mpaka inabaki na nafasi ndogo mno (kwenye 5L hewa hubanwa karibu mara 22), na hewa ikibanwa kiasi hicho hupata moto mkali. Ukitaka kulielewa hilo, shika mdomo wa pampu ya baiskeli ukiwa unajaza upepo, utasikia unavyopata joto. Ndani ya injini yenye afya hewa hiyo hupita nyuzi 400, na dizeli ikipulizwa humo hujiwasha yenyewe.

Hiyo ni hesabu ya injini yenye joto. Asubuhi ya Julai huko kwenu, chuma cha silinda hedi (kifuniko cha juu cha silinda) kimelala nje usiku kucha, na umande umeganda mweupe juu ya majani. Hewa inaingia ikiwa baridi, na inapobanwa joto lake linanyonywa na kuta za chuma kabla dizeli haijafika. Injini yako ina jambo la ziada. 5L hainyunyizi dizeli moja kwa moja juu ya pistoni kama malori mengi makubwa. Inainyunyiza kwenye chemba ndogo iliyo ndani ya hedi, na chemba hiyo ina kuta nyingi za kunyonya joto kwa hewa kidogo. Ndiyo maana lori kubwa linaweza kuwaka kwenye baridi bila hita plagi, na Hilux yako ikashindwa. Waliotengeneza injini walilijua hilo, wakachomeka hita plagi ndani ya kila chemba. Unapofungua swichi na kuona kile kialama cha kispringi kikiwaka kwenye dashibodi, umeme unapita kwenye plagi hizo na ncha zake zinakuwa nyekundu kama kaa la moto. Dizeli inayopita jirani na ncha hiyo inashika hata kama kuta ni baridi.

Dar es Salaam, hata usiku wa Julai, ni nadra joto kushuka chini ya nyuzi 16. Kwenye hali hiyo 5L inaweza kuwaka ikiwa na plagi moja nzima, pengine bila hata moja, na dereva asijue. Plagi hufa moja mwaka huu, nyingine mwaka ujao, na hakuna anayeuliza. Aliyekuuzia huenda hakukudanganya, hakujua tu. Kisha gari limepanda Makete, na Mei ilipoingia, kilichokuwa kimefichwa na joto la pwani kikaonekana.

Kuna jambo la pili ambalo mafundi wetu wengi hatulitaji, nalo ni hewa yenyewe. Kwenye mita 2,000 juu ya usawa wa bahari, kanieneo ya hewa ni karibu asilimia 80 ya ile ya Dar, na sehemu kubwa ya Makete iko juu zaidi ya hapo. Kila pistoni inavuta hewa pungufu, na hewa pungufu ikibanwa inatoa nguvu pungufu. Kwa hiyo hata injini mpya kabisa ikipimwa kompresheni (shinikizo la hewa iliyobanwa kwenye silinda) Makete itaonyesha namba ndogo kuliko iliyoandikwa kwenye kitabu. Muulize fundi wako wa kwanza: je, alipima kompresheni kwa geji, au alisema kwa kusikiliza? Kama alipima, alilinganisha na namba gani? Nimeona injini nzuri zikifunguliwa kwa sababu geji ilisoma chini kwa moja ya tano, wakati moja ya tano hiyo ilikuwa ni mlima tu.

Hilo halimaanishi ringi zako ni nzima. Gari la kununua mkononi lina historia usiyoijua. Ila ringi zilizokwisha zina dalili zake. Oili hupungua kila wiki, moshi wa bluu hutoka hata mchana, na ukifungua mfuniko wa oili injini ikiwa inaunguruma utaona inapumua kwa nguvu kama sufuria inayochemka. Tena gari huchoka mlimani likiwa na moto wake kamili. Wewe unasema likipata joto linawaka mara moja siku nzima, oili haipungui sana, na bluu hujaiona. Dalili hizo zinaelekea upande wa plagi. Kama kuna uchakavu kidogo wa ringi, hita plagi nzima zitaubeba kwa miaka kadhaa bila kukuingiza gharama.

Kupima hita plagi hakuhitaji kompyuta. Unahitaji balbu ya indiketa ya volti 12 iliyoungwa nyaya mbili, spana ndogo na dakika ishirini. Fungua boneti, tazama upande wa nozeli. Chini yake utaona bati jembamba linalounganisha vichwa vya plagi nne, na waya mmoja mnene unaoingia kwenye bati hilo. Kabla ya kufungua chochote, shikiza waya mmoja wa balbu kwenye bati na mwingine kwenye chuma cha injini, kisha mtu afungue swichi bila kupiga stata. Balbu ikiwaka, umeme unafika. Isipowaka, huenda plagi hazina kosa na shida iko nyuma yake, kwenye rilei, fyuzi kubwa au waya uliokatika. Hapo mwite fundi umeme wa magari.

Usidanganywe na taa ya kispringi kwenye dashibodi. Kwenye gari nyingi za aina hii taa hiyo inafuata saa yake tu. Itawaka na kuzima kwa adabu hata kama plagi zote nne zimekufa.

Umeme ukifika, zima swichi, fungua zile nati ndogo uondoe bati ili kila plagi ibaki peke yake. Sasa unga waya mmoja wa balbu kwenye chanya ya betri, na ncha ya mwingine iguse kichwa cha kila plagi kwa zamu. Plagi nzima inapitisha umeme mpaka kwenye chuma cha injini, na balbu itawaka vizuri. Plagi iliyokatika ndani haipitishi kitu, balbu itabaki giza. Mwaka juzi nilifanya hivi alfajiri kwenye Hilux ndugu ya hii yako iliyoshuka kutoka Matamba. Ya kwanza giza. Ya pili ikawaka. Ya tatu giza, ya nne giza. Mwenyewe alikuwa ameshaambiwa alete pesa za kuchonga silinda. Tulibadilisha plagi nne, na kesho yake, gari likiwa limelala nje, liliwaka kwa stata moja.

Ukizikuta mbovu, badilisha zote nne kwa pamoja, maana zimeishi maisha sawa. Dukani usiseme tu "plagi za 5L". Toa moja ya zamani, soma namba na volti iliyochongwa kwenye mwili wake, nunua inayolingana. Injini za familia ya L zimefungwa mifumo tofauti ya kupasha joto. Ukifunga plagi ya volti ndogo kwenye mfumo wa volti kubwa itaungua ndani ya siku chache, na ukifanya kinyume chake itapata uvuguvugu tu na utaamini plagi hazikuwa tatizo. Kwa sababu hiyo hiyo, usiiunge plagi moja kwa moja na betri kuangalia kama inakuwa nyekundu. Mbali na kukuunguza vidole, inaweza kufa mkononi mwako.

Kuzifungua ndiko kwenye hatari. Plagi iliyokaa miaka kumi kwenye hedi hushikwa na kutu na masizi, na ikikatikia ndani utaingia gharama ambayo hukuitaka. Fungua plagi wakati injini ina joto, mwagia mafuta ya kulainisha kutu, subiri, kisha zungusha taratibu mbele na nyuma. Ukihisi inagoma kabisa, acha. Hiyo ni kazi ya kupeleka gereji Njombe au Mbeya kwa mtu mwenye vifaa vya kuitoa. Kupima unaweza mwenyewe, ila plagi iliyoganda usishindane nayo.

Je, kama zote nne zinawasha balbu? Bado hujafika kwenye ringi. Subiri asubuhi, liwashe, na zile dakika za kutikisika zitumie kupima. Dondoshea tone la maji kwenye kila tawi la ekzosi linapotokea kwenye hedi. Tawi ambalo tone linakauka upesi ni la silinda inayowaka. Tawi ambalo tone linakaa na kuteleza ni la silinda iliyolala. Kama siku zote ni silinda ile ile, shida huenda iko kwenye nozeli yake, inayotiririsha mafuta badala ya kuyanyunyiza kama ukungu, na nozeli hupimwa kwenye mashine yake kwa fundi pampu. Kama zote zinachelewa kwa pamoja, huenda pampu imefungwa na taimingi iliyochelewa, yaani inasukuma dizeli baada ya wakati wake. Usikubali mtu alegeze nati za bomba za nozeli gari likiwa linaunguruma huku ameweka kidole karibu. Dizeli ya shinikizo lile hupenya ngozi, na jeraha lake linaonekana dogo wakati ndani ni baya. Likitokea, ni hospitali siku hiyo hiyo.

Kuna vitu viwili ambavyo gari la pwani hupanda navyo milimani, navyo vitakusumbua hata baada ya plagi. Cha kwanza ni themostati, valvu inayozuia maji kwenda kwenye rejeta mpaka injini ipate joto. Mafundi wengi wa sehemu za joto huing'oa na kuitupa ili gari lisichemke, na hilo ni kosa hata huko, ila kwenu ni kosa kubwa zaidi. Bila themostati, maji huzunguka kwenye rejeta tangu sekunde ya kwanza, na injini haifiki joto lake mpaka uwe umeshuka nusu ya mlima. Injini inayofanya kazi ikiwa baridi hulika upesi na hunywa mafuta mengi. Tazama mshale wa joto: ukiendesha dakika kumi na tano na bado umelala chini, fungua nyumba ya themostati uone kama imo. Ukimaliza hapo, mwaga maji matupu uweke kulanti (dawa ya rejeta inayozuia maji kuganda) iliyochanganywa nusu kwa nusu na maji safi. Upande wa Kitulo maji matupu yanaweza kuganda ndani ya rejeta usiku wa baridi kali, na barafu hupasua.

Cha pili ni oili. Wengi wa Dar hutumia oili namba 40 au 20W-50. Namba iliyo kabla ya herufi W inaeleza jinsi oili inavyotiririka ikiwa baridi, na ikiwa ndogo, oili inapita kwa urahisi zaidi. Kwako ningetumia 15W-40 ya dizeli. Stata itazunguka kwa wepesi, na kasi ya stata yenyewe ni joto, kwa sababu hewa ikibanwa upesi haipati muda wa kuvuja kwenye ringi wala kupoa. Betri uliyonunua haikuwa hasara ya bure. Baridi ya karibu na nyuzi sifuri huipunguzia betri sehemu kubwa ya nguvu zake, na hita plagi nne nzima hula umeme mwingi kabla stata haijaanza. Hakikisha tu vichwa vyake ni visafi, na waya wa hasi unaoshika kwenye injini haujaliwa na kutu.

Nirudi kwa jirani yako. Nia yake ni njema, na ni kweli joto chini ya sampu hulainisha oili na gari huwaka. Lakini juu ya jiko hilo kuna bomba za dizeli, nyaya kuukuu na masizi ya oili ya miaka mingi. Cheche moja na unapoteza gari, pengine na nyumba iliyo karibu. Tafadhali usifanye. Yapo mengine mawili ambayo hujayauliza ila najua utashauriwa. Dawa ya kupuliza kwenye filta ya hewa ili gari lishike usiitumie kwenye injini yenye hita plagi. Ikikutana na ncha nyekundu hulipuka kabla ya wakati wake, na nimeona pistoni iliyopasuka kwa hilo. La pili ni kuliegesha kwenye mteremko ili uliwashe kwa kuliachia. Kwa gia za mkono linaweza kukuokoa siku moja, lakini 5L hutumia mkanda wa taimingi, unaolinganisha mwendo wa valvu na wa pistoni. Ukiwa mkuukuu na ukashtuliwa ghafla unaweza kuruka meno, valvu zikagonga pistoni, na hapo ndipo utashusha injini kweli. Kama hujui mkanda huo ulibadilishwa lini, hesabu kwamba haujabadilishwa.

Wakati unasubiri plagi mpya, fungua swichi, subiri taa izime, zima, fungua tena, subiri tena, ndipo upige stata. Ikiwa plagi moja au mbili bado ni hai, mzunguko huo wa pili utaisaidia. Usishikilie stata zaidi ya sekunde kumi na tano kwa mara moja, na ipe pumziko la dakika moja katikati. Likishika, liache litulie, usilikanyagie mafuta kuwaonyesha majirani kwamba limewaka. Ondoka polepole.

Zipo dalili ambazo ukiziona, acha kupima mwenyewe na mpelekee fundi mwenye geji ya kompresheni: moshi mweupe unaoendelea hata gari likiwa na moto, hasa kama maji ya rejeta yanapungua na huoni yanakovujia, maana hiyo inaweza kuwa gasketi ya hedi, oili iliyobadilika rangi ikawa kama chai ya maziwa, au mlio wa kugonga unaofuata kasi ya injini. Atakapopima kompresheni, mwambie apime silinda zote nne na akuandikie namba zote. Nne zikiwa zimeshuka kidogo kwa usawa, huo unaweza kuwa mlima. Moja ikiwa chini sana kuliko wenzake, huo ni ugonjwa, na fundi wako wa kwanza atakuwa na haki ya kusikilizwa.

Anza na balbu Jumamosi hii, kabla hujapakia. Ukimaliza niandikie plagi ngapi zimewasha na ngapi zimebaki giza, pamoja na namba iliyochongwa kwenye mojawapo, nikuambie ipi ya kununua.